Kuchagua Mahali pa Kujenga Kandokando ya Dar es Salaam
(Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Katika mkutano uliopita halmashauri ilitutaka tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo kila karani hulizungumza wakati wa chai, nalo ni hili: mtumishi mwenye akiba ndogo, akitaka kununua kiwanja apate nyumba ya kupangisha, aelekee upande gani wa mji huu? Wapo wanaosema Kigamboni, wapo wanaosema Chanika, na wapo wanaoapa kwa Bunju. Sisi tuliopewa kazi hii tu watu wanne. Tumetembea Jumamosi nyingi, na kila safari tulipanda daladala, kwa kuwa mpangaji naye atakuja kwa daladala. Mtu akionyeshwa kiwanja kutoka ndani ya gari la dalali hawezi kujua kilivyo mbali.

Kwanza twakiri mbele yenu kwamba sisi si mabingwa. Wawili katika sisi walikwisha kupoteza fedha kabla ya kuitwa washauri. Mmoja alinunua mwezi wa Agosti, ardhi ikiwa kavu, bei nafuu, upepo mzuri, na mihogo imestawi ajabu. Hakujiuliza mihogo ile ilipata wapi maji wakati wa kiangazi. Masika yalipofika alikwenda kukitazama kiwanja chake, akakuta vijana wanavua kambare. Wa pili alifika kwenye kiwanja chake na mafundi wa msingi, akamkuta muungwana mwingine naye amekuja na mafundi wake. Wakaonyeshana karatasi, na karatasi zote mbili zilikuwa na muhuri. Hasara hizo hatuzitaji ili mcheke, ijapokuwa mmecheka, bali mjue kwamba haya tuyasemayo tumeyalipia.

Yafaa tukumbuke habari za zamani kidogo. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika huko Tanga, karani Mwafrika wa Dar es Salaam alikuwa na sehemu yake ya kukaa, yaani upande wa Kariakoo. Mji ulikuwa umegawanywa kwa nyumba na kwa rangi za watu. Temeke na Kinondoni palikuwa nje ya mji. Baada ya vita kuu ya pili, katika miaka ya mpango wa mji wa 1949 uliotengenezwa na wahandisi wa Sir Alexander Gibb, ndipo vitongoji vya Waafrika vilipozidi kufunguliwa upande wa Magomeni, Temeke na Kinondoni. Leo asiye na nyumba Kinondoni huwaonea wivu wajukuu wa wenye nyumba Kinondoni. Lakini tusikosee kuisoma habari hii. Wengi husema, basi nunua mbali, ungoje, mji utakufuata. Si kila mahali palipokuwa mbali pamekuwa Kinondoni. Zipo sehemu zilizofuatwa na mji zikawa vichochoro ambamo gari la zimamoto haliwezi kupita.

Tena iko sababu ya sisi watumishi kuchelewa nyuma ya wafanya biashara katika jambo hili, na vijana yafaa waijue. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mmojawapo ulikuwa kwamba kiongozi asiwe na nyumba ya kupangisha. Na watumishi wa vyeo vya kati na vya juu walihesabiwa humo. Mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majumba makubwa ya kupangisha. Miiko ile ililegezwa Zanzibar mwaka 1991. Kwa hiyo wazee wetu wengi walitumikia miaka yao yote bila ruhusa ya kufanya hili tunalozungumza leo, hawakuwa wazembe. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi kwa watumishi waliokuwa wakikaa humo. Waliopata walipata. Aliyeajiriwa baadaye amekuta nyumba ya kazini imekwisha kuwa mali ya mtu, naye amekuwa mpangaji.

Sasa tuingie katika jambo lenyewe. Katika yote tuliyoyaona, alama moja imezishinda nyingine: je, ardhi ya mahali pale ilipimwa, barabara zikachorwa na kuachwa wazi, kabla nyumba hazijasimama? Ushahidi uko mjini humu humu. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali ilipima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni palipokuwa hapana nyumba nyingi, ikakata barabara, kisha ikawapa watu wajenge wenyewe. Wakati huo huo, Manzese palipokuwa pamekwisha kujaa, ilitia barabara na maji katikati ya nyumba zilizokwisha kujengwa. Fedha ni za mradi mmoja, na miaka ni ile ile. Nendeni leo mkatazame. Watafiti waliopima mitaa ya namna hizi mbili miongo kadhaa baadaye walikuta kwamba ile iliyopimwa kabla ya kujengwa ina nyumba bora na ardhi ya thamani kubwa zaidi, lakini ile iliyotengenezwa baada ya kujaa haikuzidi sana majirani zake. Mwenye kiwanja Sinza hakuwa na akili kuliko mwenye kiwanja Manzese. Alisaidiwa na mstari wa mpima ardhi. Mstari ule ukishakosekana mwanzoni, kuurudisha ni kubomoa nyumba ya mtu.

Basi, ukitaka kujua Sinza ya kesho iko wapi, tafuta mahali ambapo mstari ule umekwisha kupigwa na nyumba hazijajaa. Mwaka 2002 Serikali ilianza mradi ulioitwa wa viwanja elfu ishirini. Vilipimwa Bunju, Mbweni na Mivumoni upande wa Kinondoni. Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala. Tuangoma, Mtoni Kijichi, Kisota, Kibada, Mwongozo na Gezaulole upande wa Temeke, ambao sehemu yake moja sasa ni Wilaya ya Kigamboni. Hatusemi kwamba kila kitu kilikwenda sawasawa. Sehemu nyingine barabara zilikuja kwenye ramani, maji yakachelewa kwa miaka, na majani yakamea juu ya mawe ya mipaka. Hata hivyo barabara ambayo haijawekwa lami lakini imeachwa wazi ni mali. Siku moja lami itapata pa kulala.

Mbweni na Mivumoni twaziacha, kwa kuwa bei yake imekwisha kupita mshahara wa wengi waliomo chumbani humu. Bunju yafaa kwa mwenye akiba ya kutosha, lakini ajue njia ya kwenda mjini ni moja, nayo asubuhi hujaa. Sisi wanne, tukilazimishwa kutaja, twataja Tuangoma kwanza. Iko nyuma ya Mbagala, na njia ya mabasi ya mwendokasi katika Barabara ya Kilwa imejengwa hata Mbagala. Na watu wa Mbagala ni watu wa kazi, wa viwandani, bandarini na sokoni, ambao hawahami kwa waraka. Mmoja wetu hakukubali. Yeye ataja Buyuni, na hoja yake ina nguvu, mtaisikia sasa hivi.

Hoja hiyo ni hesabu ya watu. Katika hesabu ya mwaka 2012 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 4,364,541; katika hesabu ya 2022 walikuwa 5,383,728. Wote hawakwenda upande mmoja. Kinondoni pamoja na Ubungo iliyokatwa kutoka humo, waliongezeka kutoka 1,775,049 kufika 2,069,240, yaani kama asilimia 17. Temeke pamoja na Kigamboni, kutoka 1,368,881 kufika 1,664,576, kama asilimia 22. Lakini Ilala, ambayo tangu 2021 ndiyo Jiji la Dar es Salaam, ilitoka 1,220,611 ikafika 1,649,912, asilimia 35. Hapana mtu atakayetuambia kwamba watu hao laki nne na zaidi walikwenda kulala Kariakoo au Upanga. Bila shaka wengi wamekwenda nyuma ya uwanja wa ndege: Kivule, Majohe, Msongola, Zingiziwa, Chanika. Ndiyo maana mwenzetu ataja Buyuni, iliyo upande huo huo na iliyopimwa. Sisi watatu twamjibu kwamba Buyuni bado ni mbali, na mpangaji huhesabu nauli kabla ya kuhesabu vyumba. Shauri hili hatujalimaliza, nasi hatuoni haya kulileta mbele yenu likiwa na pande mbili.

Jambo la pili ni barabara kuu, na hapa twaomba masikio yenu, kwa kuwa barabara ndiyo inayowavuta watu wengi kwenye hasara. Barabara huinua bei ya ardhi, kweli. Lakini barabara hiyo hiyo ina eneo lake, na eneo lake halikuulizi umejenga lini. Mwaka 2017 nyumba nyingi katika Barabara ya Morogoro, baina ya Kimara na Kiluvya, zilivunjwa kwa kuwa zilikuwa ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara. Wengine walikuwa wamekaa pale miongo mingi, wamelipia umeme na maji, na wakati ule walivunjiwa bila fidia. Zilivunjwa za kukaa na za biashara, nzima nzima. Sasa tazameni ajabu ya mambo haya: aliyekuwa amejenga nyuma, ambaye siku zote alilalamika kwamba hana mbele, aliamka akakuta yeye ndiye wa mbele, na njia pana inapita mlangoni. Kwa hiyo usinunue kiwanja kinachogusa barabara kuu mpaka umekwenda na futi kamba, na mpaka umeuliza ofisi ya barabara eneo lake ni mita ngapi mahali pale pale, si mahali pengine. Mita hizo hutofautiana.

Fahamuni pia kwamba barabara inayosemwa si sawa na barabara iliyopo. Habari ya Kigamboni yatosha. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa mji mpya mkubwa ng'ambo ile. Watu wa mjini wakakimbilia kununua. Na wenyeji, waliokuwa na ardhi, wakazuiwa kuendeleza majengo wakingojea fidia na ramani. Miaka ikapita. Aliyekuwa na nyumba yenye bati bovu aliogopa hata kuezeka upya. Mwishowe mpango ule mkubwa uliachwa, na kilichobadili Kigamboni kwa kweli kilikuwa daraja, lililofunguliwa mwezi wa Aprili 2016. Aliyenunua 2008 kwa sababu ya picha za maghorofa alingoja miaka minane na hakuziona. Aliyenunua baada ya nguzo za daraja kuonekana majini hakungoja sana. Ushuru wa daraja ulipunguzwa mwaka 2022, lakini mwenye kuvuka kila siku kwa gari yampasa auhesabu katika matumizi ya nyumba yake. Kadhalika reli mpya ilianza kuchukua abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, na Pugu iko stesheni. Madalali wa Pugu wamekwisha kuitia katika bei. Treni ya safari ndefu si daladala ya kwenda kazini.

Kituo cha mabasi ya mikoani kilipohamia Mbezi Luis mwaka 2021, vyumba vya Mbezi vilipata wapangaji wapya. Na hospitali ya Mloganzila, iliyofunguliwa 2017, imewapeleka wauguzi na waganga upande wa Kibamba. Twapenda kitongoji chenye hospitali, kwa sababu hospitali haihami. Ofisi huhama. Mwaka 2016 Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, mji uliochaguliwa kuwa makao makuu tangu 1973, wenzetu wengi walifunga mizigo, na mwenye nyumba aliyetegemea makarani wa wizara peke yao akabaki na funguo mkononi.

Juu ya mabonde hatusemi sana. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwaondoa watu wa bonde la Msimbazi, wengine wakapelekwa Mabwepande. Na bomoabomoa ya mwisho wa mwaka 2015 ikawaondoa wengine. Sheria ya Mazingira ya 2004 hukataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na mito ya mji huu si Msimbazi tu: uko Mbezi, uko Tegeta, uko Mzinga na Kizinga. Mto mwingine wakati wa kiangazi waonekana kama njia ya ng'ombe. Nunueni wakati wa masika. Dalali atakayekataa kukupeleka siku ya mvua amekwisha kukujibu.

Sasa hesabu ya faida, na hapa wengi hawatatupenda. Tuseme, kwa mfano tu, nyumba imekugharimu shilingi 60,000,000 pamoja na kiwanja, nawe waipangisha kwa shilingi 250,000 kwa mwezi. Katika mwaka mmoja, mwezi mmoja nyumba huwa tupu kati ya mpangaji na mpangaji. Umebaki na 2,750,000. Ondoa kodi ya mapato ya pango, asilimia 10, yaani 275,000. Ondoa 300,000 za rangi, bomba na vitasa. Zimebaki 2,175,000. Gawa milioni 60 kwa hizo: zaidi ya miaka 27. Mtumishi aliyejenga nyumba hii akiwa na umri wa miaka 50, anastaafu kwa lazima akiwa na 60, na fedha zake zinamrudia akiwa na 77. Na hatujahesabu mpangaji asiyelipa.

Kwa hiyo faida ya vitongoji vya nje haimo katika kodi ya mwezi. Imo katika ardhi yenyewe kupanda, nayo hupanda polepole. Jambo hili linafaa kwa kijana. Mwenye miaka 28 akinunua kiwanja kilichopimwa Tuangoma, akapanda miti mpakani, akajenga chumba kimoja cha mlinzi na kungoja, hana haraka, na miaka inamfanyia kazi. Lakini mzee wa miaka 59 asichukue kiinua mgongo chake chote akajenga nyumba ya vyumba sita Chanika ili imlishe. Haitamlisha kwa wakati. Yeye, kama hana nyumba, ajenge ya kukaa mwenyewe, ndogo, aepuke kodi. Kama anayo, aongeze vyumba viwili vya kupangisha katika ua wa nyumba ile ile, mahali ambapo wapangaji wapo tayari. Tena kiinua mgongo si kitu cha kukipangia miaka kumi mbele. Fungu la mkupuo limebadilika machoni petu: mwaka 2022 liliwekwa asilimia 33, na katika bajeti ya 2024 likapandishwa hata 40 kwa wale waliokuwa wakipata 50 zamani. Aliyejenga msingi kwa kipimo cha 50 amejionea.

Twamaliza na karatasi, kwa ufupi, maana mwanasheria wetu atakuja mwezi ujao. Hati miliki iulizwe kwa Msajili wa Hati, si kwa muuzaji. Leseni ya makazi ni karatasi halali, lakini ni ya miaka michache, si sawa na hati ya miaka 33, 66 au 99. Ukivuka mpaka wa mkoa ukaingia Mkuranga, Kisarawe au Bagamoyo, yamkini ardhi ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na halmashauri ya kijiji isipokubali, maneno ya mzee wa shamba hayatoshi, hata akiwa mkweli. Na kama muuzaji ana mke au mume, naye aitwe atie sahihi. Sheria ya Ndoa ya 1971 yalinda nyumba ya ndoa, na wengi wamepoteza nyumba kwa kumnunulia mume peke yake.

Mwanachama mmoja ametuletea swali kwa barua, kwamba je, si afadhali chama kinunue shamba moja kubwa, kipime, na kugawia wanachama? Twaona ni shauri jema, na ndivyo Sinza ilivyofanyika kwa njia kubwa. Lakini yataka mpima ardhi wa kulipwa na mweka hazina wa kuaminiwa na wote, na wa kwanza ni rahisi kupatikana kuliko wa pili. Halmashauri italijadili.

Jumamosi ya pili ya mwezi ujao twakwenda Buyuni ili mwenzetu atushinde au tumshinde. Tutakutana kituo cha Gongo la Mboto saa mbili asubuhi, kila mtu na nauli yake, na viatu visivyoogopa tope. Wanaotaka kufuatana nasi wamwandikie Katibu majina yao kabla ya siku ya Alhamisi.